Usichanganye Chanjo Kabla ya Salamu

Majuzi, baada ya ibada, vijana wa kwaya yetu walinizunguka nje ya kanisa. Kadhaa kati yao wamepata ajira mwaka huu, wengine kule mji wa serikali Mtumba, wengine kwenye halmashauri za mbali.

"Bibi," akasema mmoja wao, msichana anayeimba sauti ya kwanza, "wewe umekaa serikalini mpaka ukastaafu bila kugombana na mtu. Tuandikie siri yako."

Nilimjibu kwamba nimegombana na watu wengi tu, tena wengine walikuwa na fimbo mkononi. Lakini niliahidi kuandika, na ahadi ni deni. Basi someni, wajukuu zangu, na pale bibi yenu atakapozunguka mno, mvumilieni.

Nilikuwa afisa mifugo. Ni mzaliwa wa Kongwa, binti wa mwinjilisti, na karibu kazi yangu yote Mungu alinijalia niifanye kwenye nchi hii hii yetu kavu, kijiji kwa kijiji, zizi kwa zizi. Sindano, kupe na minyoo nilifundishwa chuoni. Adabu ya kazi nilifundishwa na mtu mmoja, Mzee Kefa, bwana mifugo niliyepangiwa kufanya kazi chini yake nilipoanza. Alikuwa mfupi, mpole, na kofia yake ya pama aliivua kwa mambo mawili tu: kusali na kusalimia.

Siku ya kwanza aliniambia, "Binti, ng'ombe hana shida. Ng'ombe ukimbana, anasimama. Mwenye ng'ombe ukimbana, anaondoka na ng'ombe wake."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa wazee.

Akanipa na sheria ya pili: kwenye boma la watu, kila unachopewa, pokea kwa mikono miwili. Hiyo niliishika kweli kweli. Boma la kwanza tulilofika nilipewa maziwa ya mgando kwenye kata ya kibuyu. Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa mpaka chini. Mama mwenye nyumba akafurahi, akajaza tena. Nikanywa tena, maana nilitaka kuonekana nimelelewa. Akajaza. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nyuma ya baiskeli ya Mzee Kefa, tumbo likicheza ngoma, na kila shimo barabarani nikiliombea dua. Yeye mabega yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

"Mimi nilisema upokee," akaniambia. "Nani alisema umalize? Mwenyeji akiona chombo kitupu anajua hujashiba. Bakiza kidogo, umpumzishe mwenzako."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nia njema peke yake haitoshi. Adabu ni ya kujifunza, kama unavyojifunza njia za mji mgeni, na kila nyumba ina uchochoro wake. Ukihamishiwa mkoa mwingine, uliza. Hakuna anayemcheka mgeni anayeuliza. Anayechekwa ni yule anayejua kila kitu tangu kituo cha basi.

Msije mkafikiri kwamba adabu ni kukubali kila jambo. Mzee Kefa ndiye aliyekagua nyama kijijini, na siku moja alikuta ini la ng'ombe limeharibika na nyama haifai kuliwa. Mchinjaji alikuwa ameuza mbuzi zake kumnunua ng'ombe yule. Mzee Kefa akavua kofia, akasema, "Ndugu yangu, pole sana. Najua ulichotoa. Nyama hii tutaifukia, na mimi nitashika jembe pamoja nawe." Wakachimba wote wawili, mchinjaji akilalamika, mzee akiitikia "kweli, kweli" bila kulegeza hata kidogo. Walipomaliza walikunywa chai benchi moja. Neno "hapana" likisemwa kwa heshima hubaki kuwa hapana, ila mnaendelea kuwa ndugu.

Simu za mkononi zilipoingia, tulidhani kazi imerahisika. Mwenzetu mmoja ofisini alimwandikia ujumbe mwenyekiti wa kijiji, mtu wa makamo ya baba yake: "Kesho saa mbili ng'ombe wote wawe joshoni kuogeshwa. Usichelewe." Jibu likarudi palepale: "Ng'ombe wapo. Salamu haijafika, labda ni mtandao." Ofisi nzima tulikufa kwa kicheko. Lakini kesho yake joshoni hapakuwa na hata ndama.

Sasa niwape kisa chenyewe, kile ninachokikumbuka kila nikiona kijana ameshika bahasha ya ajira.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Kulikuwa na habari za homa ya mapafu ya ng'ombe katika vijiji vya mbali kidogo na Haneti. Ugonjwa huo huingia kwa ng'ombe mmoja anayekohoa kisimani, na kabla hujajua, zizi zima linapumua kwa shida. Mgogo asiye na ng'ombe ana nini? Ada ya shule ni ng'ombe, mahari ni ng'ombe, mwaka wa njaa ni ng'ombe. Tukaagizwa tuchanje eneo lote la Haneti kabla ugonjwa haujafika, bila kuacha zizi hata moja, kwa sababu zizi moja lililoachwa ni mlango uliobaki wazi.

Nilipewa daktari wa mifugo kijana, aliyekuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Fadhili, jina lake, mtu wa Lushoto. Alikuwa hodari: mkono wake mwepesi, hesabu zake za dawa sahihi, hachoki. Kasoro yake ilikuwa haraka. Nayo haraka ile haikutoka pabaya. Chanjo ile huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa. Ukishautia maji yake, lazima iingie mwilini mwa ng'ombe upesi, la sivyo ni ya kumwaga. Fadhili alikuwa akiisikia barafu ikiyeyuka sandukuni kama mtu anavyosikia mtoto akilia.

Zizi kubwa kuliko yote upande ule lilikuwa la Mzee Chilatu. Huyo alikuwa mtu ambaye wengine humtazama kwanza ndipo waamue. Akichanja yeye, wanachanja. Akikataa, mnazunguka vumbi bure. Siku ya kwenda kwake mimi nilichelewa kidogo kwa mtendaji wa kijiji, nikamwambia Fadhili atangulie na dereva wetu, Mashaka, nami ningefuata kwa bodaboda. Nilipofika nilikuta gari limesimama nje ya uzio wa miiba. Fadhili amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Mashaka, ambaye hajawahi kunyamaza maishani mwake, alikuwa amenyamaza.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Mama, tumefukuzwa," akasema Fadhili.

Nikawaacha wanisimulie. Walipofika waliona watu wengi wameketi ndani ya boma, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Fadhili akafurahi. Alidhani watu wamekusanyika kuisubiri chanjo. Ili asipoteze muda, akachanganya dawa palepale ndani ya gari, chupa baada ya chupa, akashuka na bomba la sindano mkononi.

"Nikamwamkia, Mama. Haki ya Mungu nilimwamkia."

"Alimwamkia akiwa anatembea," Mashaka akadakia. Maneno yalikuwa yamemrudia. "Alisema, 'Shikamoo mzee tumekuja kuchanja ng'ombe wako wapi.' Yote kwa pumzi moja, kama kondakta anayeita abiria."

Mzee Chilatu alikuwa ameitikia marahaba, akamwonyesha kigoda, akasema, "Keti." Fadhili akajibu kwamba hakuna nafasi ya kukaa, dawa imeshachanganywa.

"Nani alikwambia uichanganye?"

"Mzee, barafu inayeyuka."

"Basi wahi na barafu yako," mzee akasema. Akageuka, akarudi kwa watu wake, na vijana wawili wenye fimbo wakasimama kwenye mlango wa zizi.

Wale watu, wajukuu zangu, walikuwa matangani. Mdogo wake Mzee Chilatu alikuwa amezikwa siku zile zile. Fadhili angekaa kwenye kile kigoda akauliza "za hapa?", angeambiwa, na angetoa pole badala ya sindano. Hili alikuja kulijua kwangu, nami nilikuwa nimelisikia kwa mtendaji muda mfupi uliopita. Nikamwona uso wake ukibadilika. Akaziokota zile chupa, akaenda kuimwaga na kuifukia dawa yote.

Mashaka akasema, "Daktari, usijali, tutaandika ofisini kwamba amekaidi. Sheria ipo. Tutarudi na askari."

Hapo kulikuwa na njia mbili. Sheria kweli ilikuwepo. Nilimwomba Mungu anipe maneno, na nashukuru hakunipa, kwa sababu kijana alijibu mwenyewe.

"Askari atamshika ng'ombe, Mashaka. Mzee hatamshika. Na hao wengine wote wanaotutazama, tutaleta askari wangapi?" Kisha akanigeukia. "Mama, hata kwetu Lushoto mtu haingii msibani hivi. Bibi yangu angenichapa. Sijui nimeiacha wapi adabu yangu."

"Hujaiacha," nikamwambia. "Umeitangulia tu. Isubiri."

Kesho yake tulirudi wawili kwa bodaboda. Fadhili aliacha sanduku, aliacha koti la kazi, aliacha hata saa ya mkononi. Alipita dukani akanunua sukari na majani ya chai, vitu vya kupeleka msibani, kama mtu yeyote. Tulisimama nje ya uzio. Akapiga hodi, akasubiri. Akapiga tena. Jua la Haneti halina huruma na asiye na kofia, lakini hakusogea mpaka mke wa mzee, Mama Nyemo, alipotoka.

"Mbukwenyi," nikamsalimia.

"Mbukwa. Karibuni." Akamtazama Fadhili juu mpaka chini. "Huyu si yule wa jana?"

"Ndiye, mama. Shikamoo. Nimekuja kuwapa pole."

Mzee Chilatu alikuwa ameketi kivulini akichonga mpini wa jembe. Hakuinua uso. Fadhili akamkaribia, akainama, akamwamkia, akatoa pole ya msiba kwa ukamilifu wake, akauliza marehemu aliugua kwa muda gani, watoto ameacha wangapi, na mama yao yuko hai au la. Mzee akajibu kidogo kidogo huku kisu kikiendelea kuchonga. Kisha akasema, bado hajainua uso:

"Leo barafu yako haiyeyuki?"

"Leo sina barafu, babu. Nimekuja kusalimia."

"Kusalimia tu?"

"Kusalimia tu."

"Na petroli yote hiyo?"

Wanaume waliokuwa karibu wakacheka chini chini. Mzee akaweka kisu pembeni. "Kwenu wapi?"

"Lushoto, babu."

"Huko milimani kwenye baridi? Aa, basi ndiyo maana unatembea na barafu. Umepakumbuka nyumbani."

Kicheko kikapasuka, na Fadhili naye akacheka mpaka machozi, nadhani hayakuwa ya kicheko peke yake. Akaletewa kigoda. Tukaletewa ugali wa uwele na mlenda. Nilimwona kijana wa Kisambaa akipambana na mlenda kwa mara ya kwanza, unamkimbia vidoleni, Mama Nyemo akimwelekeza, "Zungusha tonge, baba, zungusha." Hakuna mtu aliyetaja chanjo. Mimi nami niliuma ulimi.

Mazungumzo yakaenda kwenye mvua, yakarudi kwa marehemu. Ndipo mzee aliposema, kama jambo la kawaida tu, kwamba ng'ombe wa mdogo wake walikuwa wameletwa pale kutoka kule alikokuwa akiishi, nao wamo zizini pamoja na wake, wakisubiri ukoo ukae kugawa. Mgeni asingeweza kuwagusa kabla ya kikao hicho. Na huko alikokuwa akiishi marehemu ndiko upande uliosikika kuwa na ugonjwa.

Fadhili aliacha kula. Akaniangalia. Nikaona haraka inampanda, nikaona pia akiishika na kuikalisha chini.

"Babu," akasema taratibu, "naomba ruhusa nikuulize jambo la kazi yangu. Ukisema bado, nitanyamaza."

"Uliza."

"Hao ng'ombe wa marehemu, yupo anayekohoa asubuhi wakiinuka?"

Mzee akageuka. Akamwita kijana wake, wakazungumza Kigogo kwa sauti ya chini. Alikuwepo mmoja. Jioni ile ile, bila sindano na bila askari, ng'ombe wa marehemu walihamishiwa zizi la peke yao, mbali na kisima, na mzee mwenyewe ndiye aliyewaongoza. Kikao cha ukoo kikaharakishwa. Kilipokwisha, Mzee Chilatu alimtuma mtu kwetu: "Mwambieni mjukuu wangu wa milimani alete barafu yake."

Nimewahi kuulizwa kwenye semina kipimo cha kwanza cha mganga wa mifugo ni kipi. Wengi husema kipimajoto. Mimi husema ni "za hapa?" Kipimajoto kinakuambia joto la ng'ombe mmoja. Salamu inakuambia nani amekufa, nani amehamia, ng'ombe wametoka wapi, na kama mwenye nyumba leo ana moyo wa kukusikiliza. Wewe wa benki, wewe wa hospitali, wewe wa kaunta ya leseni, mambo ni hayo hayo. Mtu aliye mbele yako amekuja na jambo asilolisema kwenye sentensi ya kwanza. Mpe ya pili.

Na nyinyi mtakaokuwa wakubwa, msidhani haya ni ya wadogo tu. Nimewaona mabosi wanaoitikia "marahaba" macho yakiwa kwenye kompyuta. Watu wao waliwaletea habari njema tu, mpaka siku habari mbaya ilipofika yenyewe. Baba yangu alikuwa akituambia kwamba Mungu humtembelea mtu akiwa na vumbi la njiani, hivyo usimpime mgeni kwa viatu. Nimeishi na neno hilo, na sijawahi kulijutia.

Watu husema vijana wa leo hawana adabu. Mimi siamini. Pale sokoni Majengo yupo binti anayeuza mashudu na pumba, naye hampi mteja bei kabla hajamuuliza hali. Navuka maduka mengine matatu kumfuata, na siko peke yangu. Siku hizi ana msaidizi. Adabu mnayo, mlipewa nyumbani. Kazi inawakimbiza tu mpaka inabaki nyuma.

Fadhili alithibitishwa kazini, na sasa ni mkubwa mahali fulani, ana vijana chini yake. Ugonjwa ule ulizunguka huko na huko mwaka ule, lakini Haneti ng'ombe walisimama, kwa neema ya Mungu. Yule aliyekuwa akikohoa hakupona, ila hakumwambukiza mwingine. Hayo yote mtayasikia kwa wengine. Mimi nataka niwaachie boma la mwisho.

Siku ya chanjo kwa Mzee Chilatu maboma yote ya jirani yalifungua mazizi, na tulifanya kazi mpaka mikono ikafa ganzi. Tukiwa njiani kurudi, Fadhili akaona kijumba cha tembe pembeni, na mbele yake ng'ombe mmoja amefungwa kwenye kigingi.

"Pale je?" akauliza.

"Pale ni kwa bibi mmoja mjane," akasema Mashaka. "Ana huyo mmoja tu. Daktari, imebaki chupa moja, nzima. Chupa nzima uifungue kwa ng'ombe mmoja?"

"Simamisha gari, Mashaka."

Alishuka mikono mitupu. Akapiga hodi. Bibi akatoka akijifunga kanga, na hofu usoni, kama anavyotoka mtu asiyezoea kufuatwa na gari la serikali. Fadhili akamwamkia. Akaulizia mvua, akaulizia afya yake, akaulizia watoto walioko mbali. Bibi alikuwa na maneno mengi, ya siku nyingi. Jua lilikuwa linashuka, Mashaka alikuwa akigonga usukani kwa vidole, na kijana wa Lushoto alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa, akimsikiliza mjane mwenye ng'ombe mmoja kwa utulivu ule ule aliomsikiliza nao mwenye zizi kubwa.

Bibi alipomaliza akauliza, "Na nyinyi, baba, mmekuja kwa heri gani?"

"Tumekuja kwa ajili ya ng'ombe wako, bibi. Kuna ugonjwa, na mimi nina kinga yake. Ukiruhusu, nitaichanganya sasa hivi."

Bibi akainuka, akaenda kumshika ng'ombe wake shingoni yeye mwenyewe.

"Changanya, baba," akasema. "Sasa nakufahamu."